Babu Pandu Alipoacha Kumtukana Dada Yake

Mwezi uliopita, kwenye chumba cha kulia cha wafanyakazi katika hoteli ninayofanyia kazi kule Marina, Dubai, mwenzangu mmoja wa Mombasa alifungua kopo alilotumiwa na mama yake, na harufu ya papa mkavu ikajaa chumba kizima. Wafilipino wakakimbilia mlangoni. Mnepali mmoja akauliza kama kuna bomba la choo limepasuka. Mimi nilisogeza kiti karibu. Mwenzangu akacheka, akanikatia kipande, na nilipokitia mdomoni machozi yakanitoka. Akadhani ni chumvi.

Harufu ile ilinirudisha mtaa wa Karama, ghorofa ya pili, kwa Bibi Mize. Kila Ijumaa baada ya sala baba alikuwa akituchukua mimi na mama kwenda kula huko, na papa ndiye aliyetupokea ngazini kabla ya mtu yeyote. Chini kulikuwa na mkahawa wa Wamalayali, Wahindi wa kusini, wenye harufu zao wenyewe za bizari na mafuta ya nazi, lakini papa wa Bibi Mize aliwashinda. Jirani wa juu, mama mmoja wa Kihindi, alikuwa akishuka kuja kulalamika, na kila akija kulalamika aliondoka na sahani iliyofunikwa.

Bibi Mize alikuwa mdogo wake bibi yangu mzaa mama. Alikuja Dubai zamani akiwa bibi harusi, akafiwa na mumewe hapa hapa, akabaki na mwanawe mmoja, Mjomba Simai, aliyekuwa akifanya kazi kwenye ghala la vipuri vya magari. Babu Pandu alikuwa kaka yake Bibi. Yeye aliletwa uzeeni, mkewe alipofariki, kwa kuwa Mjomba Simai hakuridhika mjomba wake alale peke yake kwenye nyumba tupu kule kijijini. Wote wawili walikuwa watu wa Kusini Unguja, upande wa Makunduchi. Sisi nyumbani tulisema Kiswahili cha mjini. Wao wakichangamka walirudi kwenye kikwao, cha haraka, chenye kumeza nusu ya neno, na mama alikuwa akinifasiria sikioni huku mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Maana walikuwa wakitukanana. Sijui niite nini kingine. Tukibisha tu hodi, Babu Pandu angepaza sauti kutoka kwenye kiti chake cha karibu na dirisha.

"Kibogoyo amekuja? Njoo kwa babu, mwanangu. Usipite karibu na jikoni, kuna chura humo, atakurukia."

Kibogoyo nilikuwa mimi, kwa sababu meno yangu ya mbele yalikuwa yameng'oka.

"Mwache mtoto wa watu," Bibi angejibu kutoka kwenye mvuke wa sufuria. "Weye ulipozaliwa, mama alizika mtoto akalea kondo la nyuma."

"Ulikuwepo? Si miye mkubwa wako?"

"Mkunga aliniambia. Mpaka anakufa alikuwa akiomba msamaha."

Baba angekohoa kwa kucheka. Mjomba Simai angetikisa kichwa, na chakula kingeletwa. Nao wangeendelea hivyo juu ya sinia, huyu akimwambia yule mchuzi wake umemwua paka wa jirani, yule akimwambia huyu meno yake ya bandia yana akili kuliko kichwa chake.

Methali nazo walizitumia walivyotaka. Kiyoyozi kikizima, Babu alikipiga kwa kiatu akisema, "Sikio la kufa halisikii dawa." Mjomba Simai akinunua simu mpya, Bibi alimtazama anavyoipangusa na kunong'ona, "Kipya kinyemi ingawa kidonda." Bibi akichoma ubani kuificha harufu ya papa, Babu alimwambia bure tu, "La kuvunda halina ubani." Mimi nilizikusanya zote kama watoto wengine wanavyokusanya picha za wachezaji. Siku moja mezani kwetu baba alianza kuusema uendeshaji gari wa Mjomba Simai, nami nikamwambia kwa utulivu kabisa, "Baba, nyani haoni kundule." Baba alipaliwa na maji. Mama aliinuka kwenda jikoni, na nikamsikia akicheka ndani ya kanga aliyojibana nayo mdomo.

Lakini pamoja na kucheka, nilikuwa na hofu. Nilikuwa na umri wa miaka saba, labda minane. Shuleni mwalimu alikuwa amebandika ukutani maneno mema, tafadhali, ahsante, samahani, na aliyeyatumia alipewa nyota. Nyumbani baba na mama walisemeshana kwa upole siku zote. Nikapima, nikaona kwamba Bibi Mize na Babu Pandu wanachukiana, na kwamba watu wazima wote wanalijua hilo na hakuna anayewaamua. Ijumaa moja nikamwuliza Babu, taratibu, Bibi asisikie.

"Babu, kwa nini humpendi Bibi?"

Hakucheka. Aliniweka sawa pembeni ya kiti chake.

"Sikiliza, Kibogoyo. Kwetu Kusini, siku ya Mwaka, mwaka mpya wa kikwetu, watu hutoka kwenda uwanjani wakapigana kwa mashina ya migomba. Kaka na kaka, jirani na jirani. Mwenye kinyongo anakitoa chote. Mkishamaliza, moyo mweupe, mnakwenda kula. Sasa hapa Dubai mgomba utaupata wapi? Tumebaki na ulimi."

Nikaelewa kwa kipimo changu. Nikaelewa kwamba wale wazee walikuwa katikati ya ugomvi wa siku nyingi, na kwamba siku moja utakwisha, na mioyo yao itakuwa myeupe. Tangu hapo kila Ijumaa nilipanda zile ngazi nikitarajia kuwakuta wamemaliza.

Mwanzo wa mabadiliko ulikuwa wa kuchekesha, ndiyo maana hakuna aliyeushika. Bibi alifungua friji akaikuta kofia ya Babu juu ya trei ya mayai. Babu akasema, "Kichwa kina moto, nimeona nikipozee kofia." Tukacheka wote. Siku nyingine alitia chumvi kwenye chai, akainywa mpaka chini, akasema anauzoeza mdomo kwa mapishi ya dada yake. Kila alipoteleza alikuwa na neno la kujishikiza, kama mtu anavyoshika ukuta. Leo najua kwamba maneno yale yalimfichia siri yake muda mrefu, pengine hata yeye mwenyewe.

Kisha akaanza kuniuliza, "Weye mtoto wa nani?"

Nikadhani ni mchezo. "Mtoto wa jini," nikamjibu.

"Jini gani?"

"Wa choo cha chini!"

Alicheka mpaka akashika mbavu. Baada ya dakika chache akaniuliza tena, kwa sauti ile ile, na mimi nikatunga jini jingine. Tulicheza mchezo huo Ijumaa nyingi. Nilikuwa nauona uso wa Bibi Mize tukiwa katikati ya mchezo, umesimama mlangoni mwa jikoni, mwiko mkononi, haucheki, na nikafikiri anaona wivu kwamba Babu amepata mwenzake mwingine wa utani.

Ijumaa ninayoikumbuka kuliko zote, Bibi aliweka mbele ya Babu sahani ya wali na papa wa nazi, kama kawaida, akasubiri kuambiwa kuhusu paka wa jirani. Babu aliinua macho.

"Ahsante sana, mama," akasema. "Mungu akuzidishie."

Bibi alibaki ameinama, mikono bado iko kwenye sahani. "Umesemaje?"

"Nasema ahsante. Chakula kizuri. Tafadhali, kama kuna maji."

Mjomba Simai aliacha kutafuna. Bibi akamtazama mwanawe, kisha akamtazama kaka yake. Alikwenda akaleta maji, akayaweka kwa mikono miwili.

"Karibu, baba," akasema.

Nikapiga makofi. Mama alinishika vidole nisiendelee. Hapakusemwa neno jingine hadi mwisho wa chakula ila karibu, ahsante, nimeshiba, alhamdulillahi. Kwangu mimi ilikuwa kama sikukuu. Garini, tukirudi, nilisimama katikati ya viti viwili vya mbele.

"Mama, umeona? Wamepatana! Wamemaliza ugomvi!"

Mama aligeukia dirishani. Baba alimtupia jicho, akaendelea kuendesha. Mama alipojifuta macho kwa ncha ya mtandio, nikaona ni sawa, hata mimi furaha ilikuwa imenijaa.

Wiki zilizofuata Bibi Mize alinyamaza. Akawa anamhudumia kaka yake kwa adabu, mama na baba, mama na baba, kama watu waliokutana kwenye foleni ya hospitali. Kisha Ijumaa moja akashindwa. Sisi tulikuwa tumekaa, joto la kiangazi limebana madirisha, Babu anakunjua na kukunja leso mapajani. Bibi akaja akasimama mbele yake, akaweka mikono kiunoni.

"Kondo la nyuma weye!" akasema. "Unanisikia? Mama alizika mtoto, akalea weye!"

Sauti yake haikuwa ya utani, nadhani kwa sababu ilikuwa ikiomba. Babu alishtuka. Aliangalia huku na huku kama anayetafuta mtu wa kumtetea.

"Mama, nimekukosea nini?" akauliza. "Kama nimekuchosha nitaondoka. Nina kwetu miye. Kwetu Kusini."

Akalia. Sikuwahi kumwona mtu mzima wa kiume akilia, na alilia kama mimi, bila kujificha uso. Mjomba Simai akapiga magoti kumtuliza. Bibi alikimbilia jikoni, nami nikamfuata, nimekasirika.

"Bibi, mlikuwa mmeshamaliza! Kwa nini umeanza tena?"

Alikuwa amekaa sakafuni kando ya jiko, miguu ameinyoosha kama mtoto.

"Nani kakwambia tumemaliza?" akasema. "Nani kakwambia, mwanangu?"

Haikupita wiki mbili Babu akaondoka kweli. Ilikuwa Ijumaa mchana, Mjomba Simai hajarudi kutoka msikitini, Bibi yuko jikoni. Sisi tulipofika tuliukuta mlango wazi na Bibi yuko ngazini bila viatu. Nje palikuwa na lile joto la Dubai la katikati ya kiangazi, ambalo ukishika kitasa cha gari unaruka. Baba, mama na Mjomba Simai wakagawana mitaa. Mwenye mkahawa wa chini akatuma vijana wake. Polisi wakaarifiwa. Mimi niliachwa na Bibi, na kwa saa hizo zote alikuwa akiosha mchele. Aliuosha, akamwaga maji, akauosha tena, mpaka punje zikaanza kuvunjika.

Adhuhuri ikaingia alasiri. Jua lilikuwa limeanza kuinama Mjomba Simai alipopanda mbio, simu mkononi. Picha ya Babu ilikuwa imezunguka kwenye makundi ya Watanzania na Wakenya, na imemfikia askari mmoja wa getini kule Muhaisnah, kwenye majengo wanakolala wafanyakazi wa ujenzi. Yupo hai. Bibi akauacha mchele ndani ya maji, akanishika mkono, tukashuka. Baba na mama walikuwa bado mbali, hatukuwangoja.

Askari alikuwa Mkenya wa bara, mrefu, sare imemloa mgongoni. Alitupokea getini.

"Karibuni. Mzee wenu ako hapa ndani kwa AC," akasema. "Aliingia kwa basi ya kampuni huko Karama, vijana walikuwa wameenda kununua vitu. Dereva alidhani ni mgeni wa mtu. Kufika hapa amekataa kushuka, anauliza kama ni Kusini. Nikasikia Kiswahili, nikamtoa. Maji tumempatia lakini hakunywa sana. Lakini huyu mzee, ametutusi! Ametutusi hadi nimecheka nikasahau niko kazi."

Bibi alisimama. "Amewatukana?"

"Sana, mama. Lakini anatusi vizuri."

Babu Pandu alikuwa amekaa kwenye kitanda cha askari, kiatu mguu mmoja, mguu wa pili una malengelenge. Midomo ilikuwa imepasuka na uso umekuwa wa rangi ya majivu. Lakini macho yalikuwa yanawaka kama zamani, na vijana watatu waliokaa sakafuni walikuwa bado wanacheka neno alilomaliza kusema. Alipomwona Bibi anaingia, alijivuta akakaa vizuri.

"Shikamoo, mama," akasema.

Hapo ndipo nilipojua. Hakuna aliyenieleza. Mimi nilikuwa mtoto wa Kizanzibari, na kitu cha kwanza nilichofundishwa duniani ni nani anamwamkia nani. Kaka hamwamkii mdogo wake. Nilimtazama Bibi Mize, nikaona haya kwa yale makofi yangu na ile furaha ya garini.

"Marahaba," Bibi akajibu.

"Karibu, keti. Nawasimulia hawa vijana habari za dada yangu. Sura yake, mama, kama chura aliyekanyagwa na ng'ombe. Lakini papa wake ukimla utauza shamba." Vijana wakacheka. Yeye hakucheka. "Nilikuwa nakwenda kwake, nikapotea. Leo atanitukana mpaka nijute."

Alilisema hilo neno la mwisho kwa hamu, kama mtu mwenye njaa anayetaja chakula.

"Twende nikupeleke," Bibi akasema.

"Kwani unamjua?"

"Namjua tangu tumboni."

Garini Babu alikaa mbele, kichwa kimeegemea kioo, anapumua kwa mdomo. Mjomba Simai alitaka kupitia hospitali. Bibi akamwambia atampeleka, lakini kwanza nyumbani, mara moja tu, na Mjomba hakubisha. Tulipofika Karama, Bibi alishuka kabla gari halijasimama sawasawa. Alinishika kiganja tukapanda ngazi, yeye na magoti yake mabovu, akihema, nyuma yetu hatua za Mjomba Simai zikimsaidia Babu kidato kwa kidato. Tukaingia. Bibi akafunga mlango, akatia komeo, akabaki amesimama mbele yake, kiganja juu ya mbao.

Hodi ilipopigwa, akavuta pumzi.

"Nani huyo?" akapiga kelele. "Ndiyo saa za kuja hizi? Kondo la nyuma weye, kichwa kama samaki ng'onda! Papa amepoa, paka amekula fungu lako, na yeye ana shukrani kuliko weye!"

Nikaweka sikio mlangoni. Kisha nikasikia kicheko cha Babu Pandu, kile cha zamani, kinachoanzia kifuani.

"Huyo!" alikuwa akimwambia Mjomba Simai. "Huyo ndiye yeye! Sikukuambia? Wee chura, fungua mlango!"

"Sifungui! Lala huko huko!"

"Nikilala hapa watasema umenifukuza kwa sababu ya sura yangu nzuri!"

"Sura ipi? Mkunga bado anaota ndoto mbaya!"

Walisemezana hivyo kupitia mlangoni, sijui muda gani. Mimi nilikuwa upande wa ndani, ninamwona Bibi. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka shingoni, na kila alipofungua mdomo sauti ilitoka kavu, kali, safi. Mkono wake ulikuwa kwenye komeo. Aliligusa, akaliacha, akaligusa tena. Nikaelewa kwamba anaogopa kulifungua, nami pia nikaogopa.

Mwishowe Babu akasema amechoka, na akalisema kwa sauti ndogo. Bibi akajifuta uso kwa kanga, akafungua.

Babu Pandu alimtazama. Tabasamu likamwondoka polepole, ikabakia adabu.

"Samahani, mama. Nimesikia sauti ya dada yangu humu."

"Ametoka sasa hivi," Bibi akasema. "Ingia, umsubiri."

Hospitali walimrudisha baada ya siku chache. Daktari alimweleza Mjomba Simai kwamba joto lile limemharibia figo, na kwa umri wake hakuna kubwa la kufanya. Akawekewa kitanda sebuleni, karibu na dirisha. Alisubiri. Hatua zikisikika ngazini, aliinua kichwa kutoka kwenye mto. Basi Bibi Mize akawa anafanya hivi. Mchana, Babu akiwa na nguvu kidogo, alikuwa akitoka nje, akifunga mlango nyuma yake, na kumtukana kutoka ngazini. Sisi tulikaa ndani na Babu, tukimwona anavyojibu, anavyocheka, anavyotuambia, "Mnamsikia? Huyo ndiye." Halafu Bibi alikawia kidogo huko nje kabla ya kuingia na kikombe cha maji kama mtumishi.

Wahindi wa juu walimzoea. Wamalayali wa chini walimletea kiti.

Ijumaa ya mwisho tulikuwapo wote. Babu hakuwa amesema kitu tangu asubuhi. Bibi akajitanda kanga, akatoka, akafunga mlango.

"Bado umelala?" tukamsikia. "Mtu mzima na jua lote hili, kama pweza aliyesahauliwa mwambani!"

Babu Pandu aligeuza uso kuelekea mlangoni. Midomo ilicheza. Mama aliinama kumsikiliza, akabaki ameinama, kisha akampitisha kiganja machoni, juu hadi chini, na Mjomba Simai akaanza kusoma kwa sauti ya chini.

Hakuna aliyekwenda mlangoni. Baba aliniweka mkono kichwani. Nje, Bibi Mize alikuwa amenyamaza, akingoja jibu. Alipoona halitoki, akasafisha koo, akatupa neno jingine, zito kuliko la kwanza, akangoja tena.